Mgonjwa wa Kupigiwa Mfano

Mwaka ule wa unga wa njano, mtaani Barani hapakuwa na mgonjwa aliyependwa kuangaliwa kama Mwanatumu mke wa Mahadhi. Wanawake walikwenda kwake kama waendao harusini. Waliswali alasiri upesi upesi, wakajitanda leso zilizopigwa pasi, wakapitiana milangoni: "Huji? Twende kwa Mwanatumu tukacheke kidogo." Na kweli walicheka. Aliyeingia na huzuni zake alitoka akijifuta machozi ya kicheko, na pale mlangoni akitafuta viatu vyake husema, "Subhanallah, mgonjwa ndiye yule! Huyo ndiye wa kupigiwa mfano. Mie nikiumwa na jino tu, nyumba haikaliki."

Mwanasiti, mdogo wake Mwanatumu, aliyasikia maneno hayo kila siku. Aliwaitikia kwaheri zao, akafunga mlango, kisha akarudi chumbani kumfungua dadake kitambaa kilicholowa.

Siti, kama walivyozoea kumwita, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimaliza darasa la saba akakaa nyumbani, na dadake alipoanza kuumwa, mama yao akamtoa kwao Shela na furushi la nguo zake, akamwambia nenda kamuuguze. Hakuwa msichana wa maneno mengi. Alikuwa na macho ya kutazama na mikono isiyokuwa na kinyaa, na chumba kile hakikutaka zaidi ya hayo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa titi. Ulianza kama kokwa ya ukwaju, ngumu, wala haiumi, na Mwanatumu akainyamazia kwa aibu mpaka ngozi ya juu ilipoanza kubadilika rangi. Hapo ndipo alipokwenda kwa daktari, yeye na Siti, wamejifunika buibui hadi machoni. Daktari alikuwa mtu wa bara, jina lake Ndirangu, mpole, akimgusa mgonjwa huku ametazama pembeni ili asimtahayarishe.

"Mama, huu uvimbe hauna dawa ya kunywa wala ya kupaka," alisema. "Hukatwa. Nendeni Mombasa mwezi huu huu. Sasa bado uko mahali pamoja, na mtu akikatwa sasa hupona. Ukishafika hapa," akajigusa kwapani juu ya koti lake jeupe, "kukata hakutasaidia kitu."

Walipotoka nje Mwanatumu alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akapumua, akacheka.

"Siti, ile habari ya kwapani tuiache hapa hapa. Nyumbani tutasema daktari ametaka twende Mombasa tukipata nafasi."

"Dada, hakusema tukipata nafasi."

"Mgonjwa ni mimi au wewe?" Akamfinya shavu kama alivyokuwa akimfinya udogoni. "Basi niachie ugonjwa wangu."

Siti aliuacha. Mdogo hamkosoi mkubwa wake, na hata kama angetaka kumkosoa, asingejua aanzie wapi.

Mavyaa wake Mwanatumu, Bi Barke mamake Mahadhi, hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima lisemwe, maana wengi baadaye walitaka kumtupia yeye lawama zote. Siku aliposikia habari ya uvimbe alilia kweli, akamkumbatia mkazamwana wake kifuani, akamwambia, "Mwanangu, Mola akimpenda mja humtia mtihanini. Ukilalamika unazimwaga thawabu zako mwenyewe. Mimi nataka nikuone ukicheka tu. Moyo ukiwa mkunjufu na mwili hufuata." Aliyasema kwa mapenzi. Lakini wiki haikwisha, maneno yale yakawa sheria ya nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia na uso wa majonzi. Jirani mmoja aliyemwona Mwanatumu alivyokonda akatokwa na machozi, alishikwa mkono na Bi Barke akatolewa nje taratibu. "Usinivunjie moyo mgonjwa wangu," aliambiwa, na hakurudi tena.

Naye Mwanatumu kipaji cha kuchekesha alikuwa nacho. Kabla ya kuumwa hapakuwa na harusi inayonoga bila yeye. Basi akakigeuza kitanda chake kuwa jukwaa. Akiambiwa amekonda, hujibu, "Najipunguza, bibi wee. Nasikia mlango wa peponi ni mwembamba, na nyinyi kwa makalio hayo mtabaki barazani." Akiletewa ugali wa ule unga wa njano wa msaada, husema, "Mimi nina bahati, natapika. Nawahurumia nyinyi ambao hukaa tumboni." Chumba kikaangua kicheko. Bi Barke, kwenye kiti chake karibu na mlango, aliwatazama wageni mmoja mmoja kama mtu anayeonyesha vyombo vyake vya kabatini.

Wakati wote huo chetezo kilifuka chini ya kitanda. Udi ulichomwa asubuhi, ukachomwa adhuhuri, ukaongezwa kabla ya wageni, kwa sababu kidonda kilikuwa kimeshafunguka na kilianza kutoa harufu. Wageni wakisifu: "Mashallah, chumba hiki kinanukia kama cha bibi harusi." Siti ndiye aliyepepea makaa.

Mahadhi alikuwa akiuza papa mkavu na ng'onda. Alikuwa mpole, mtu wa kuinamisha kichwa, na alimpenda mkewe. Usiku alilala chumba cha nje kwa kuwa Mwanatumu mwenyewe alimwomba, ati kwa ajili ya joto. Hakutaka auone ule mwili. Na mchana mwanamume hawezi kuingia chumba kilichojaa wake za watu. Kwa hivyo alipotoka dukani jioni alisimama ukumbini, nje ya pazia, akakohoa. Wanawake wakavuta leso zao kichwani, wakanyamaza.

"Mwanatumu! U hali gani?"

"Sijambo, alhamdulillahi! Leo afadhali kuliko jana."

"Na ile safari ya Mombasa je?"

"Naona nafuu, bwana wangu. Tungoje kidogo."

"Haya. Wewe ndiye mwenye mwili."

Siti huisikiliza miguu yake. Ilikuja ikiburura viatu, na ikaondoka nyepesi. Angesema Mwanatumu neno moja tu, jioni yoyote ile, gari lingekodiwa kabla ya magharibi. Hakuna aliyemkataza kwenda. Jambo hili lilimkaa Siti kooni kuliko jingine lolote: hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Kila asubuhi akimwosha, alipitisha vidole vyake kwapani mwa dadake, kama mtu anayesugua tu. Mwanatumu alijua anachotafuta, akatazama darini. Asubuhi nyingi vidole havikukuta kitu. Kisha siku moja, katikati ya mwezi wa Rajabu, vikakuta punje, kama ya kunde, inateleza chini ya ngozi.

Siti akauacha mkono wake palepale.

"Dada, limefika."

"Limefika nini? Hiyo ni tezi. Kila mtu ana tezi."

"Mimi sina hapa. Wewe jana hukuwa nayo. Niruhusu nikamwambie shemeji."

"Ukimwambia, ufunge nguo zako urudi kwa mama leo hii." Kisha akalegeza sauti. "Nisugue mgongo basi, mbona umeganda?"

Siti alimsugua. Halafu akaenda jikoni, ambako Bi Barke alikuwa akipepeta mchele, akachutama mbele yake.

"Mama, dada hali yake si nzuri."

Bi Barke hakuinua macho. "Yeye amekwambia?"

"Hakuniambia. Nimeona mwenyewe."

"Jana jioni amesema nini kwa mumewe? Si amesema afadhali? Basi wewe unajua zaidi ya mwenye mwili?" Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakirusha. "Usimtabirie dadako mabaya, Siti. Mdomo wako uutumie kwa kumwombea dua."

Alipotoka pale alivaa buibui, akasema anakwenda kununua ndimu, akaenda kwa Jaha.

Jaha alikuwa binti wa mjomba wao, mwanamke mnene wa sauti kubwa, aliyekuwa akikaanga samaki kando ya soko. Na huyu alikuwa mtani. Baina ya mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi pana utani tangu wahenga, na mtani hatakiwi kuwa na adabu. Jaha aliweza kumwita Mwanatumu mchawi mbele ya mavyaa wake, akamnyang'anya sahani mkononi, akasema mumewe amepunjwa, na asichukiwe. Kwa mtani hakuna neno zito.

"Wewe unaweza kulisema," Siti alimwambia, wamesimama kwenye moshi. "Mimi nikisema ni mtoto, nimekosa adabu. Wewe nani atakunyamazisha?"

"Kwapani kabisa?"

"Kama punje ya kunde."

Jaha aligeuza samaki ambaye alikuwa ameshageuzwa.

"Leo jioni," alisema mwishowe. "Nitangoja Mahadhi afike pale penye pazia. Nitasema mpaka kuta zisikie."

Jioni ile chumba kilijaa. Jaha aliingia na jasho lake na harufu ya mafuta, wanawake wakampisha huku wameshaanza kutabasamu, maana walijua kukija mtani kuna karamu.

"Mke mwenzangu, bado hujafa?" akaanza, kama kawaida yake.

"Nangoja unilipe samaki wako wabovu ulionilisha," Mwanatumu akajibu, na kicheko kikaanza kuzunguka.

Pazia likatikisika. Mahadhi akakohoa. "Mwanatumu! U hali gani?"

Kabla Mwanatumu hajafungua kinywa, Jaha aliinuka katikati ya chumba.

"Usimuulize yeye, niulize mimi! Mkeo anaoza huku ndani, Mahadhi! Titi limetoboka, linanuka kama papa wako aliyenyeshewa na mvua, wanalifukizia udi usisikie! Limeshafika kwapani! Daktari alisema likifika huko basi tena! Kodi gari usiku huu, ama sivyo nenda ukachague sanda!"

Kwa muda wa pumzi moja chumba kilitulia. Siti aliushika ukingo wa kitanda. Alimwona Bi Barke ameganda, alimwona jirani ameweka mkono kinywani. Alidhani limefaulu.

Mwanatumu akajiinua kwenye mto. Uso wake ulikuwa umekauka kama unga, lakini sauti ilitoka ileile ya harusini.

"Msikieni huyu! Anamtamani mume wangu tangu mwaka ule nilipoolewa. Anataka nife leo ili kesho aje kulala kwenye kitanda changu. Jaha, mwili huo kitanda hiki hakikubebi, mwambie Mahadhi akuchongee kingine kwanza!"

Nyumba ilipasuka. Wanawake walipigana mapaja, wakaangukiana. "Papa aliyenyeshewa!" mmoja alikariri akikosa pumzi. "Akachague sanda! Wallahi Jaha hana dini!" Na nyuma ya pazia, Mahadhi naye alicheka, kicheko cha mtu aliyeshtuka kisha akaona ni mzaha.

"Sicheki!" Jaha alipiga kelele. "Mahadhi, nasema kweli! Wallahi, nasema kweli!" Machozi yalikuwa yakimchuruzika mashavuni.

"Mwoneni anavyolia!" wakasema, na kicheko kikazidi. Mtani hodari hulia pia. Walishaona wengine wakijigaragaza chini matangani huku wanachekesha watu. Kadiri Jaha alivyoapa ndivyo walivyomshangilia. Mwisho alishikwa mkono na Bi Barke mwenyewe, naye anacheka, akaketishwa na kupewa kikombe cha kahawa.

"Bwana wangu," Mwanatumu akaita, "umemsikia mchumba wako? Mimi sijambo. Leo afadhali kuliko jana."

"Nimesikia," Mahadhi akasema, na kicheko bado kimo sautini. "Sauti yako tu yanitosha. Haya, tutangoja."

Miguu yake ikaondoka, nyepesi.

Wageni walipokwisha kwenda, Mwanatumu aligeuka ukutani. Siti alimfungua kitambaa, akaosha, akafunga kipya. Alidhani atafukuzwa. Badala yake dadake alizungumza na ukuta.

"Ulimtuma wewe."

"Ndiyo."

"Unadhani sijui kilichomo mwilini mwangu? Sina mtoto, Siti. Nikirudi na kifua cha upande mmoja, Bi Barke atamtafutia mwanawe mke kabla bendeji haijatoka. Hilo moja. Lakini si hilo."

"Ni lipi?"

"Nikisema mara moja tu kwamba naumwa, sitaweza kunyamaza tena. Nitapiga mayowe mtaa mzima usilale. Na hawa hawaji hapa kwa mayowe. Ulimwona yule aliyelia? Amerudi? Watakwenda wote. Nitabaki na wewe na chetezo." Akavuta leso juu ya bega. "Wanipenda ninapocheka. Niache nipendwe."

Siti alitoka uwandani akaanika vile vitambaa mahali pa nyuma, ambapo wageni hawaoni.

Shaabani ikapita hivyo. Punje ikawa tatu, zikashikana. Mkono wa Mwanatumu ukavimba mpaka bangili ikabidi zikatwe, akawaambia wageni amechoka na dhahabu, anataka kuvaa kama wazungu wa ufukweni. Walicheka, ingawa safari hii kulikuwa na waliotazamana kwanza. Ramadhani ilipoingia alianza kukosa pumzi katikati ya maneno. Kichekesho hukianza akakimalizia kwa mkono tu, na wageni wakacheka mahali walipodhani ndipo.

Ni kimya kilichomwingiza Mahadhi. Jioni moja alifika penye pazia, akakohoa, akasikia hapana kicheko. Wageni walikuwa wameondoka mapema kwenda kupika futari, Siti yuko jikoni, na udi umezimika. Alifunua pazia. Siti alimkuta amesimama katikati ya chumba na mkono puani, macho yamemtoka, kama mtu aliyeingia nyumba isiyokuwa yake.

"Tangu lini?" alimuuliza Siti.

Hapo Siti alijibu. "Tangu kabla ya Jaha. Alikwambia, shemeji. Aliapa."

Alfajiri walikuwa barabarani katika Peugeot ya kukodi, Mwanatumu amelazwa kiti cha nyuma na kichwa mapajani mwa Siti. Kilifi walikuta foleni ya kivuko, malori mbele yao, jua limeshapanda. Mahadhi alishuka akawaendea wenye malori mmoja mmoja, akiwaomba wampishe, mtu mzima yule, kofia mkononi. Wakampisha. Upande wa pili, pale Mnarani, muuza korosho alichungulia dirishani akamwona mgonjwa, akasema, "Pole, mama."

"Sijambo, mwanangu," Mwanatumu akamjibu. "Leo afadhali."

Mahadhi alikuwa mbele, kando ya dereva. Siti alimwona alivyoufunika uso wake kwa ile kofia, akakaa hivyo mpaka Mtwapa.

Daktari wa Mombasa hakuwaweka sana. Alimtazama Mwanatumu, akamtazama chini ya kwapa na juu ya mtulinga, akamwita Mahadhi kando ya mlango. Siti hakusikia maneno. Aliona tu daktari anainua mkono, anaonyesha miezi kwa vidole, miezi iliyopita, kisha anauteremsha. Wakapewa vidonge vya maumivu. Jioni walipanda kivuko kile kile wakirudi.

Mwanatumu aliishi hadi baada ya Idi. Wageni walirudi, wachache, na Bi Barke akakaa kitini pake, akiwaambia, "Mnamwona? Hata sasa hajanung'unika." Ilikuwa kweli.

Ijumaa moja, saa ya swala, wanaume wakiwa msikitini na Bi Barke juu ya mswala wake chumba cha pili, Mwanatumu alifumbua macho akamtazama mdogo wake. Macho yalikuwa safi, hayana utani hata chembe.

"Siti."

"Labeka, dada."

"Kwa nini mliniamini?"

Siti alidhani hakusikia vizuri. Akainama.

"Nyote," Mwanatumu akasema, akivuta pumzi kwa kila neno. "Niliwadanganya kila siku. Mbona mliniamini?" Kisha akaanza kulia, na kilio kilikuwa kile alichokiogopa, kilipotoka hakikuwa na mwisho. Bi Barke alipotoa salamu na kuja mbio, kilikuwa kimeshakuwa koromo tu. Kabla ya alasiri alikata roho.

Alizikwa jioni ile ile. Matanga yakawekwa, mikeka ikatandikwa chumba kile kile cha kuumwa, kwa kuwa ndicho kikubwa. Siku ya pili kilijaa kama zamani.

"Amekufa anacheka," Bi Barke aliwaambia, macho yamemvimba. "Nilipoingia nilimkuta midomo imefunguka hivi, kama anayetabasamu. Mtu wa subira huonekana hata kwenye mauti."

"Mashallah," wakaitika. "Wa kupigiwa mfano."

Jaha aliingia wakati huo. Wakampisha, na ingawa walikuwa msibani nyuso zikafunguka kidogo, kwani ni haki ya mtani kumwigiza maiti na kuwapunguzia wafiwa machungu. Jaha hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mahali kitanda kilipokuwa, akalala chini kwa mgongo, akavuta leso hadi kidevuni.

"Sijambo, alhamdulillahi," akasema. Ilikuwa sauti ya Mwanatumu hasa, na kile kicheko kidogo ndani yake. "Leo afadhali kuliko jana."

Wakacheka, wengine huku wakilia.

"Tungoje kidogo, bwana wangu. Leo afadhali kuliko jana."

Wakacheka tena, wachache.

"Leo afadhali kuliko jana." Hakugeuza sauti wala hakupepesa. "Leo afadhali kuliko jana. Leo afadhali kuliko jana."

"Basi, Jaha," mtu akasema. Jaha aliendelea, ametazama darini, mpaka kicheko kikaisha kabisa na akasikika yeye peke yake.

Bi Barke akainua mkono. "Inatosha. Marehemu alikwenda kwa furaha, msimharibie. Muulizeni Siti, ndiye aliyekuwa naye. Siti, si alicheka dadako?"

Vichwa vyote viligeuka. Siti alikuwa karibu na mlango na birika la kahawa mkononi. Aliliweka chini.

"Hakucheka, Mama."

"Siti..."

"Alilia. Aliniuliza kwa nini tulimwamini."

Jaha chini pale alifumba macho.

"Mtoto amechanganyikiwa," Bi Barke akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Ni majonzi. Hebu mmoja wenu awashe udi, hewa nzito humu."

Mwanamke mmoja aliinuka, lakini Siti alikuwa ameshakitwaa chetezo. Alitoka nacho uwandani, akayamwaga makaa kwenye maji ya kuoshea vyombo, yakalia mara moja yakanyamaza. Alirudi na chetezo kitupu, akakiweka katikati ya mkeka ambapo kila mtu atakiona, akaketi kando ya Jaha. Godoro la marehemu lilikuwa limeegemezwa ukutani, halijaoshwa. Ilichukua muda. Kisha mmoja akapeleka ncha ya leso puani, na wa pili, na Bi Barke akainamisha kichwa chake juu ya magoti.

Ukumbini mtu akakohoa. Mahadhi alikuwa amerudi kutoka makaburini. Alisimama nje ya pazia kama alivyozoea, na kwa mazoea akauliza, "Siti, hali zenu huko ndani?"

Wanawake walimtazama Siti amwitikie. Kuna jibu moja tu la swali lile, na kila mtoto wa pwani hulijua kabla ya kujua kutembea.

"Hali ni mbaya, shemeji," Siti akasema, kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia. "Ilikuwa mbaya tangu mwanzo."

Akaisikiliza miguu yake. Haikuondoka.